T8, T5 au balbu ya kubana umeme: kuchagua taa ya tangi lenye mimea hai Dar es Salaam

Anayekwenda Kariakoo kutafuta taa ya tangi la samaki lenye mimea hai huulizwa na mwenye duka swali moja tu, nalo ni la urefu: futi mbili au futi nne? Akishajibu, hupewa tyubu iliyo karibu na mkono, na akiuliza ile ina tofauti gani na iliyo pembeni yake huambiwa kwamba zote ni nyeupe. Mimi niliwahi kung'ang'ania. "Kaka, naomba yenye namba 865," nilimwambia, naye akanitazama kwa huruma kidogo. "Bosi, mwanga ni mwanga. Samaki hawachagui." Kuhusu samaki alisema kweli. Mimea ndiyo inayochagua, na isipopata inachotaka hailalamiki. Huacha kuota majani mapya, ikachakaa polepole huku mwani ukitanda juu yake.

Nalinganisha hapa tyubu nene za T8, tyubu nyembamba za T5 za aina mbili, na balbu za kubana umeme zilizopindwa, kwa macho ya mtu anayetaka mimea iote ndani ya maji na si ya mtu anayetaka sebule ing'ae. Taa za LED nitazigusa baadaye, kwa kuwa haiwezekani tena kuzungumzia tyubu bila kuzitaja. Sianzi na wati. Kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa lita, iliyosema kwamba takriban nusu wati kwa kila lita inatosha mimea ya kawaida, ilizoeleka enzi za tyubu nene za T12, na anayeitumia kwa tyubu ya sasa yenye kiakisi kizuri juu yake hujikuta ameweka mwanga mwingi kuliko aliokusudia. Wati hupima umeme unaolipiwa. Mwanga unaofika kwenye jani ni habari nyingine.

Kwanza mimea, kisha kina

Mimea ya tangi hutofautiana sana katika mahitaji yake ya mwanga, na tofauti hiyo imetokana na makazi yake ya asili. Anubias, ambayo kwao ni vijito vya misituni katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, huota ikiwa imejishikiza kwenye mawe na magogo chini ya kivuli cha miti, kwa hiyo mwanga hafifu ndio ilioumbiwa. Jamii hiyo ya wavumilivu ina pia ule mmea wa jamii ya kangaga unaotoka Asia, Microsorum pteropus, pamoja na aina nyingi za Cryptocoryne zinazotoka Sri Lanka na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Katikati wako Vallisneria wenye majani marefu kama utepe, ambao huota hata katika Ziwa Tanganyika, na Echinodorus wa Amerika ya Kusini. Juu kabisa wako mimea myekundu kama Alternanthera reineckii, na ile midogo inayotandaa chini kama zulia, mfano wake Hemianthus callitrichoides wa Kuba, ambayo ikikosa mwanga hurefuka kwenda juu badala ya kutambaa, na mwenye tangi akabaki kushangaa kwa nini zulia lake limegeuka kichaka.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipuuza ni kwamba mwanga mkali hudai vitu vingine viende nao. Mmea unaopata mwanga mwingi hufanya usanisinuru kwa kasi, na kasi hiyo inahitaji hewa ya ukaa na virutubisho vya kutosha ndani ya maji. Bila hivyo, taa kali ni moto mkali chini ya sufuria isiyo na maji: mmea husimama, na mwani, ambao haujali sana umaskini wa maji, huchukua nafasi. Kwa mtu asiyekusudia kuongeza hewa ya ukaa, iwe kwa mtungi au kwa chupa ya hamira na sukari, taa kali zaidi dukani ndiyo chaguo baya zaidi.

Kina cha tangi kinafuata. Maji safi yenye kina cha sentimita 40 au 50 hayamezi mwanga mwingi kama watu wanavyodhani. Kinachopunguza mwanga ni kule kutawanyika kwake kadiri unavyosafiri kutoka kwenye tyubu, pamoja na rangi ya chai ambayo magogo huitoa ndani ya maji. Tangi la futi mbili lenye kina cha sentimita 35 na tangi la futi nne lenye kina cha sentimita 60 haviwezi kupewa ushauri mmoja, hata kama mimea ni ileile.

Neno moja kwa wafugaji wa samaki wa Ziwa Nyasa, ambao mjini hapa si wachache. Mbuna, samaki wa miambani wa ziwa hilo, hula mimea na kufukua changarawe, na hakuna taa itakayoshinda meno yao. Wafugaji hao wajifungie kwenye Anubias wenye majani magumu waliofungwa juu ya mawe, wachukue taa ya kawaida, na fedha inayobaki wainunulie chujio bora.

Namba tatu kwenye tyubu

Ndani ya tyubu kuna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme unapopita, mvuke huo hutoa mnururisho wa urujuanimno ambao jicho halioni, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaougeuza kuwa mwanga unaoonekana. Maana yake ni kwamba tyubu mbili zenye unene, urefu na wati zilezile zinatofautishwa hasa na unga wake, na habari za unga huo zimeandikwa kwenye kioo chenyewe, karibu na ncha, kwa tarakimu tatu ambazo muuzaji wangu hakuwa amewahi kuzisoma.

Tarakimu ya kwanza hueleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu: 8 ina maana ya kiwango cha juu ya 80 kwa 100, na 7 ina maana ya 70 na kitu. Tarakimu mbili zinazofuata ni rangi ya mwanga wenyewe katika kelvini, zikiwa zimeondolewa sifuri mbili: 65 ni kelvini 6500, mweupe wa mchana, 40 ni kelvini 4000, mweupe uliotulia, 30 ni kelvini 3000, wa manjano kama wa balbu za zamani. Kwa hiyo 865 na 765 zina rangi moja machoni, zote zinauzwa kama nyeupe ya mchana, lakini hazilingani hata kidogo. Ile ya 865 ina unga wa rangi tatu unaotoa bluu, kijani na nyekundu kwa vipande vilivyo wazi, wakati ile ya 765 ina unga wa kizamani ulio dhaifu upande wa nyekundu. Hata wingi wa mwanga hutofautiana: katika tyubu za Philips za wati 36, ya 765 hutoa takriban lumeni 2500, na ya 865 takriban lumeni 3250. Umeme ni uleule, holda ni ileile, na mwanga umeongezeka kwa asilimia 30. Katika manunuzi yote ya tangi sijui mahali pengine ambapo kusoma maandishi madogo kunalipa kiasi hicho.

Zipo tyubu zenye picha ya samaki au ya jani kwenye boksi, ambazo bei yake huwa mara kadhaa ya tyubu ya kawaida. Zile za rangi ya waridi, kama Gro-Lux za Sylvania, zimetengenezwa kwa hoja ya kweli: umbijani hufyonza zaidi mwanga wa bluu wa karibu nanomita 430 na mwekundu wa karibu nanomita 660, na lumeni hazituambii habari hizo vizuri kwa sababu zimepimwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona kijani kuliko rangi nyingine. Ndiyo maana tyubu ya waridi huonekana hafifu chumbani ilhali mmea unapata sehemu yake. Hata hivyo majani hutumia pia sehemu kubwa ya mwanga wa kijani, na mimea huota vizuri chini ya 840 na 865 za kawaida. Tyubu ya waridi naiona kama kiungo cha kupendezesha: ikiwekwa pamoja na 865, samaki wekundu na mimea myekundu hung'aa, ikiwekwa peke yake, tangi lote huonekana kama duka la nyama. Tyubu za bluu tupu za karibu nanomita 420 ni za matumbawe ya maji chumvi, na hata zikipatikana kwa bei ya kutupa zisiingie kwenye hesabu ya tangi la maji baridi.

Kati ya 840 na 865, uamuzi ni wa macho ya mwenye tangi zaidi kuliko wa mmea. Chini ya 840 maji huelekea umanjano. Chini ya 865 huonekana maangavu. Mimi huweka 865 mbele, upande wa mtazamaji, na 840 nyuma yake.

T8 na T5

Herufi T na namba inayoifuata hueleza unene wa tyubu kwa sehemu za nane za inchi, hivyo T8 ina kipenyo cha milimita 26 hivi na T5 ina milimita 16. Wengi huamini kwamba nyembamba ni ya kisasa na kwa hiyo inatoa mwanga zaidi kwa umeme uleule. Takwimu hazikubaliani na imani hiyo kikamilifu. Zikichukuliwa tyubu zenye unga wa 840, kila moja katika joto inalolipenda, T8 ya wati 36 hutoa takriban lumeni 3350, T5 ya wati 28 hutoa 2900, na T5 yenye nguvu ya wati 54 hutoa 5000. Ukigawanya kwa wati, ya 28 inaongoza kwa lumeni 104 hivi kwa kila wati, na hizo nyingine mbili zimefungana kwa 93. Ile T5 kali, basi, haibani umeme kuliko T8. Faida yake ni kwamba inafinya mwanga mwingi katika urefu uleule wa futi nne, na kwa kuwa ni nyembamba, mwanga unaorudishwa na kiakisi hauzibwi sana na tyubu yenyewe. Juu ya tangi lenye upana wa sentimita 40 unaweza kupanga T8 mbili au tatu kabla nafasi haijaisha. T5 kali mbili hupita mwanga wa T8 hizo mbili kwa karibu nusu nzima, na bado nafasi ya kuingiza mkono inabaki.

Urefu nao una mtego wake, hasa kwa matangi yetu ambayo mengi huundwa kwa oda na mafundi wa vioo. Tyubu ya T8 ya futi nne, ukihesabu na pini zake, ina sentimita 121 na ushei, na tangi la futi nne kwa fundi wetu ni sentimita 120 kwa nje. Haiingii ndani ya mfuniko wa tangi hilo, hata ikibembelezwa. T5 za wati 28 na 54 zina sentimita 115 hivi, nazo hukaa bila shida. Kwa tangi la futi mbili hali ni ileile: T8 ya wati 18 ina sentimita 60 na kidogo pamoja na pini, na T5 za wati 14 na 24 zina sentimita 55. Anayeanza upya na amekwishaamua kutumia T8 amwambie fundi aongeze sentimita tano kwenye urefu wa tangi, au akubali fitingi itakayoning'inia juu ya tangi badala ya kufungwa ndani ya mfuniko.

Kuning'iniza huko ndiko ninakokupendelea, na sababu yake ni joto la mji huu. T8 imetengenezwa ili itoe mwanga wake wote hewa inayoizunguka ikiwa na nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na T5 ikiwa na nyuzi 35. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hapa hupita nyuzi 30 hata kivulini, na ndani ya mfuniko uliofungwa, wenye tyubu mbili zinazowaka, hewa hupanda juu zaidi ya hapo. T8 ndani ya mfuniko wa namna hiyo hupoteza sehemu ya mwanga wake kila siku bila mwenyewe kujua, ilhali T5 iko karibu na joto lake. Kwa hiyo mfuniko uliofungwa unaipa T5 ushindi wa wazi, na fitingi iliyo wazi, inayopigwa na upepo wa chumba, inaondoa sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Maji yenyewe hayako mbali na mjadala huu, kwa sababu wati zote zinazoingia kwenye taa huishia kuwa joto. Matangi ya Dar es Salaam hayahitaji hita, na katika miezi ya joto maji hukaa nyuzi 28 hadi 30 bila msaada wa mtu. Mwaka mmoja nilimwachia fundi anitengenezee mfuniko wa mbao, naye, kwa nia njema ya kuficha nyaya, akafunga ndani yake choki mbili, vile vifaa vinavyowasha tyubu na kuidhibiti umeme wake. Ilikuwa Februari. Kipimajoto kilisoma nyuzi 33, na Cryptocoryne nilizozilea kwa mwaka mzima ziliyeyuka kama mlenda ndani ya wiki moja. Choki ziwekwe nje, kwenye ubao ukutani au ndani ya kabati la chini lenye matundu ya hewa, na nyaya pekee ndizo zipande juu.

Kuhusu choki zenyewe, ulinganisho hauna mshindi mmoja. T8 ya kawaida huwashwa kwa choki ya sumaku na stata. Ni kifaa kizito, hukoroma kidogo, na hula wati tisa hivi juu ya zile 36 za tyubu; umeme ukiwa mdogo, kama unavyokuwa jioni katika mitaa mingi, tyubu hupepesa bila kuwaka. Lakini choki hiyo hudumu miaka, na stata yake hupatikana hadi kwenye maduka madogo ya mitaani kwa bei ya soda. T5 hutaka balasti ya elektroniki, yaani choki ya kisasa, ambayo haikoromi, haipepesi, na nyingi huvumilia umeme mdogo kuliko stata, ila umeme uliokatika unaporudi kwa kishindo huweza kuiua mara moja, na kupata nyingine ya kufanana nayo ni safari. Kifaa kilekile cha kulindia friji, kinachokata umeme na kuurudisha baada ya dakika chache, kinaifaa balasti ya tangi vilevile, na mwenye T5 asiwe bila hicho.

Tahadhari moja ambayo sijaiona ikitolewa na muuzaji yeyote: T5 ya wati 28 na T5 ya wati 54 zina urefu uleule na pini zilezile, na zinaingia kwenye holda moja. Balasti zake, hata hivyo, si moja. Ya 28 ikifungwa kwenye balasti ya 54 itawaka kwa ukali na kufa mapema. Wati zilizoandikwa kwenye balasti ndizo zinazoamua tyubu, si ukubwa wa holda.

Sasa umeme wa LUKU. Taa ikiwaka saa 8 kwa siku, fitingi ya T8 mbili za wati 36 zenye choki za sumaku hula uniti 21 au 22 kwa mwezi. T5 mbili za wati 28 hula 15 na nusu hivi, na T5 mbili za wati 54 hula 28. Kwa nyumba kubwa tofauti hiyo inavumilika. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayejibana asivuke uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu, uniti 28 za tangi ni zaidi ya theluthi ya mgawo wote, na zinaweza kumsukuma nje ya daraja lake. Hapo gharama halisi ya taa haiko kwenye taa tena, iko kwenye kila kitu kingine kinachowaka ndani ya nyumba.

Balbu zilizopindwa

Balbu ya kubana umeme ni tyubu ileile iliyosokotwa na kuwekewa balasti kwenye kitako. Sifa yake ni kwamba inaingia kwenye holda yoyote ya nyumbani na inatosha tangi dogo la lita 30 au 40 lenye Anubias na kuvumwani (moss). Udhaifu wake ni msokoto wenyewe: mwanga mwingi wa upande wa ndani huishia kugonga kioo cha jirani yake, na ikisimamishwa wima nusu ya mwanga huenda pembeni, ukutani na machoni. Ilazwe, iwekewe kiakisi cha karatasi ya alumini isiyokunjamana, na kitako kisifunikwe, kwa kuwa joto ndilo linaloua balasti yake. Ya wati 23 yenye kelvini 6500 hula uniti tano na nusu kwa mwezi. Kwa tangi la zaidi ya sentimita 60 singeipendekeza, hata zikiwa tatu.

Tyubu zinaondoka sokoni

Aliye na fikra ya kununua fitingi mpya leo lazima ajue kwamba taa hizi zimewekewa mwisho. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, na nchi za Afrika ndizo zilizopeleka pendekezo la kuharakisha kuziondoa taa za zebaki. Kwa balbu za kubana umeme zenye balasti ndani na zisizozidi wati 30, kikomo cha kutengeneza, kuingiza na kusafirisha kiliwekwa kuwa mwaka 2025. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 uliweka mwaka 2026 kwa tyubu za unga wa kizamani na mwaka 2027 kwa zile za unga wa rangi tatu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwishafunga mlango kwa T5 na T8 tangu Agosti 2023. Mzigo ulioko madukani hautatoweka siku moja, lakini utapungua, na ninashuku kwamba T5 kali zitakuwa za kwanza kuadimika kwa sababu hata sasa si kila duka linazo.

Kinachochukua nafasi ni tyubu ya LED yenye umbo la T8. Ya futi nne hula wati 18 hivi, hutoa karibu lumeni 1800 kwa zilizo nyingi, na hata kama namba hiyo ni ndogo kuliko ya T8, mwanga wake karibu wote unaelekea chini, hivyo kinachofika kwenye mmea hakitofautiani kama namba zinavyotisha. Mbili hula chini ya uniti tisa kwa mwezi na hazipashi maji joto sana. Fitingi yenye choki ya sumaku huweza kuzipokea baada ya stata kuondolewa na kuwekwa ile ya bandia inayokuja na tyubu, lakini ziko zinazopokea umeme upande mmoja na ziko zinazopokea pande zote mbili, na kuzichanganya ni kukaribisha shoti. Kazi hiyo ni ya fundi umeme aliyesoma karatasi iliyo ndani ya boksi.

Ningemwambia nani achukue nini

Mwenye fitingi ya T8 inayofanya kazi, tangi lisilozidi sentimita 50 kwa kina, na mimea ya kivuli au ya katikati, asibadilishe chochote isipokuwa tyubu: atoe zilizomo, aweke 865 na 840, ang'arishe kiakisi, na anunue tyubu mbili za akiba zingali zipo. Mabadiliko hayo madogo huzidi kile ambacho wengi hukitafuta kwa kununua taa mpya.

Mwenye zulia akilini, mimea myekundu, tangi lenye kina cha sentimita 50 au zaidi na mtungi wa hewa ya ukaa, ndiye T5 za wati 54 zilitengenezewa. Amtafute muuzaji mwenye balasti ya akiba kabla hajalipia fitingi, na kama hakuna, afikirie taa ya LED iliyotengenezwa mahsusi kwa mimea, ingawa bei yake itamuumiza siku ya kwanza. T5 za wati 28 naziona kama njia nzuri kwa tangi la futi nne lenye mimea ya katikati na mfuniko uliofungwa, hasa kwa mteja anayehesabu uniti. Anayeanza bila kitu chochote mkononi, na asiye na haraka ya mimea migumu, achukue fitingi ya T8 ya nje isiyopitisha maji, ile inayofungwa kwenye vituo vya mafuta, aiweke tyubu za LED za kelvini 6500, na ainue sentimita kumi juu ya maji. Fitingi hiyo inamfaa pia mkazi wa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, ambako hewa ya bahari hula pini na holda za kawaida kwa kutu kabla tyubu haijachoka.

Kwa wote, taima ni ya lazima. Hapa kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, lakini tangi halihitaji zote: saa 6 kwa tangi jipya, kisha 8 mimea ikishashika. Mimi huwasha saa 8 mchana na kuzima saa 4 usiku, ili sehemu kubwa ya joto la taa iangukie jioni na tangi liwe linawaka watu wakiwa nyumbani. Tangi lisiwekwe dirishani kwa matumaini ya kubana umeme. Jua la saa saba litalifanya maji kuwa supu ya kijani kabla ya wiki mbili.

Tyubu ya unga wa rangi tatu hupoteza mwanga polepole, na kwa saa 8 kwa siku inakamilisha chini ya saa 3000 kwa mwaka, kwa hiyo ushauri wa kuibadilisha kila baada ya miezi 12 naona una faida zaidi kwa muuzaji; miaka miwili inatosha, au mapema zaidi ncha zikianza kuwa nyeusi. Zikiwa mbili, moja ibadilishwe mwezi huu na nyingine mwezi ujao, kwa kuwa tangi linaloruka ghafla kutoka mwanga uliochoka hadi mwanga mpya huota mwani mbele ya macho. Iliyotolewa irudishwe kwenye boksi lake ikiwa nzima na kuhifadhiwa mbali na watoto. Ikivunjika chumbani, madirisha yafunguliwe, watu watoke kwa dakika kumi na tano, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na kufungwa ndani ya chupa yenye kifuniko, bila kufagia. Ikivunjikia juu ya tangi, samaki wahamishwe na maji yote yabadilishwe.